Kabla Hujapuliza: Maisha Marefu ya Miksa za Butembo na Beni

Chupa ya dawa ya kupuliza imeua miksa nyingi kuliko vumbi. Ni kauli ya kibishi, lakini yeyote aliyewahi kufungua miksa ya sauti iliyochakaa, iwe ya kanisa au ya redio, hataipinga sana. Jumamosi jioni chaneli ya mwimbishaji inakwaruza, ibada ni kesho asubuhi, duka bado liko wazi. Mtu ananunua chupa ya kwanza anayoiona, anapuliza kwenye upenyo wa kila feda, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, hadi majimaji yanachuruzika, anazisukuma juu na chini, mkwaruzo unakoma. Kwaya inaimba bila tatizo. Baada ya muda mkwaruzo unarudi, umeshasambaa hadi chaneli za jirani, na feda zilizokuwa zikiteleza kwa ncha ya kidole sasa zinakwama njiani.

Kwa Butembo na Beni, miji ya Kivu Kaskazini huko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kosa hilo ni ghali. Wafanyabiashara wa Butembo wana sifa ya kufuata bidhaa Dubai, Guangzhou na Hong Kong, na mizigo yao hushuka Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda hadi mpaka wa Mpondwe na Kasindi, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Kutoka Kasindi zimebaki kilomita 80 hadi Beni, kisha 54 hadi Butembo. Barabara hiyo imeshuhudia mashambulizi, magari kuchomwa na misafara kusindikizwa na askari. Mradi wa Uganda na Kongo wa kuitia lami ulizinduliwa mwaka 2021. Upande wa kusini nako kumebana tangu mji wa Kanyabayonga ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma yenyewe, makao makuu ya jimbo, Januari 2025. Katika hali hiyo, kipuri cha dola mbili kinaweza kunyamazisha mashine ya dola mia tano. Ndiyo maana huku mtu anayejua kusafisha miksa ana thamani kuliko anayejua kuiuza.

Miji hii miwili iko katika jimbo moja na dayosisi moja ya Kikatoliki, lakini miksa zake haziugui kwa namna moja. Butembo imekaa juu, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, ikweta ikipita kilomita chache kusini yake. Asubuhi kuna ukungu na baridi. Mashine iliyolala kwenye chumba baridi, kisha ukumbi ukajaa mamia ya watu wanaoimba, hupata umande ndani ya bati lake, kwa kuwa pumzi yenye joto ikigusa chuma baridi hugeuka maji. Beni iko chini zaidi, kwenye joto na unyevu wa ukingo wa msitu, na huko kutu hula jeki za kuchomekea nyaya polepole bila mtu kuona tone la maji. Vumbi jekundu ni la wote. Katika miezi isiyo na mvua nyingi linapita chini ya milango, linaingia madirishani, na kila feda ina upenyo mrefu uliotazama juu ukilisubiri.

Na mashine zenyewe hazipumziki. Kwenye makanisa ya Kikatoliki, ya Wabaptisti wa CBCA na ya Waadventista kwaya hukutana kwa mazoezi katikati ya juma na kuimba tena mwisho wa juma. Harusi zina spika zake. Redio ndizo zinazofanya kazi kuliko zote: Radio Moto Butembo-Beni ya dayosisi, RTR pale Butembo, RTGB pale Beni, bila kusahau Radio Okapi iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipoua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa nchi, Beni, Katwa na Butembo zikiwa kitovu chake, redio za hapa zilibeba mzigo wa kukanusha uvumi kwa Kinande na Kiswahili siku baada ya siku. Studio iliyonyamaza asubuhi moja wakati kama huo iliacha nafasi ambayo uvumi uliijaza kabla ya jua kutua.

Basi turudi kwenye mkwaruzo. Ndani ya kila feda, na ndani ya kila nobu ya kuzungusha, kuna utepe mwembamba wa kaboni au wa plastiki inayopitisha umeme. Juu ya utepe hutembea kidole kidogo cha chuma. Kikisogea huku sauti inapanda, kikisogea kule inashuka. Punje ya vumbi ikiingia chini ya kidole, mguso unakatika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, unarudi, unakatika tena. Kinachosikika kwenye spika ni huko kukatika, baada ya kukuzwa na amplifaya.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi haligusi dawa hata kidogo: kelele inatoka unapogusa, au inatoka hata usipogusa? Ikitoka unapogusa tu, uchafu ndio mshukiwa. Ikitoka yenyewe, mvumo mzito usiokoma au mlio wa kukaanga unaokuja na kuondoka, kupuliza feda ni kumtibu jirani wa mgonjwa. Kuna pia mtego wa tatu, ambao huwapotosha hata mafundi wenye mikono mizuri. Unasafisha potensiometa, yaani hiyo feda au nobu, vizuri, inakwaruza. Unaibadilisha kwa mpya, inakwaruza vilevile. Hapo kosa liko nyuma yake: kapasita iliyowekwa kuzuia umeme wa moja kwa moja imeanza kuvuja, na potensiometa yoyote inayopitishiwa umeme huo italalamika hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Badilisha kapasita ya bei ndogo, kelele inakwisha.

Sasa hizo chupa. Ile ya WD-40, ambayo kila gereji inayo, ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma na kuzuia kutu. Kwa bolti la pikipiki haina mpinzani. Ndani ya feda huacha utando wa mafuta, na utando huo hukamata vumbi jipya mpaka utepe upakwe tope. Kosa la pili ni kinyume chake: vimumunyisho vikali vya kuoshea bodi. Hivi husafisha kweli, tena kupita kiasi, vikaondoa na ile grisi nyembamba ambayo kiwanda kiliweka ili feda iteleze. Feda iliyokaushwa hivyo husikika nzuri wiki ya kwanza, kisha chuma kinaanza kuula utepe. Watengenezaji wa dawa za kazi hii wanalijua jambo hilo, na ndiyo maana kampuni ya CAIG ya Marekani huuza DeoxIT ya aina mbili: ya herufi D kwa ajili ya viunganishi vya chuma, na ya herufi F kwa ajili ya feda na nobu, yenye kilainishi ndani yake. Mahali ambapo chupa hizo hazifiki, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 pamoja na grisi ya feda hufanya kazi ileile kwa subira kidogo. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi isitumike, maana rangi na maji yake hubaki ndani.

Kusafisha kwenyewe huanza kabla ya kufungua parafujo hata moja. Chomoa kila kitu, fanya kazi kwenye mwanga wa dirishani lakini usiianike mashine juani. Nobu na vifuniko vya feda hung'olewa kwa vidole. Bisibisi huacha kovu kwenye bati, na kovu hilo ndilo mnunuzi wa mitumba huliona kwanza. Vioshwe kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, visuguliwe kwa mswaki, vikauke kabisa. Wakati vinakauka, bati hupitiwa kwa brashi laini ya kupakia rangi, mpya, huku mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi ukiwa karibu. Tina na petroli ziwe mbali. Zinafuta maandishi, na miksa isiyo na maandishi humlazimu kila mgeni kuuliza ipi ni ipi katikati ya kipindi.

Kuna desturi moja inayoonekana ya akili na si ya akili: kuipeleka miksa kwa vijana wa kujaza upepo matairi ili waipulize kwa kompresa. Upepo wa kompresa ya gereji huja na maji na mafuta ya mashine yenyewe. Tena una nguvu kiasi cha kuling'oa vumbi lililokuwa limelala kwenye kona salama na kulisukuma chini ya kile kidole cha chuma, mahali ambapo lisingefika lenyewe kwa miaka. Brashi ni ya taratibu, ndiyo, lakini haijawahi kuharibu feda ya mtu.

Ukilazimika kufungua, subiri. Miksa nyingi ndogo za siku hizi zina sehemu ya umeme ambayo ndani yake kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuchomolewa ukutani. Zipe muda, na hata hivyo usiweke vidole upande ule. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa nyaya bapa zinazounganisha bodi na bodi, kwa sababu zinafanana na zinaweza kuingia kinyume. Feda nyingi za bei ya kawaida zimefungwa kwa ndimi ndogo za bati zilizokunjwa. Zikunjue polepole, ulimi mmoja huvumilia kukunjwa mara mbili au tatu kabla ya kukatika. Ndani, utepe hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilichoguswa na alkoholi, kwa mkono mwepesi, upande mmoja. Wapo wanaosugua kwa kifutio cha penseli au kwa msasa laini wakitaka utepe ung'ae. Kinachong'aa hapo ni mahali kaboni ilipokuwa. Utepe ukishachimbika hakuna dawa, ni kubadilisha feda, na hapo kuna mambo matatu ya kupima kabla ya kuagiza: urefu wa mwendo wake, kwa kawaida milimita 60 au 100, mpangilio wa miguu yake, na ile alama iliyochapwa ubavuni, mfano A10K au B10K. Feda yenye A hupandisha sauti kwa namna sikio linavyosikia. Ukiweka yenye B mahali pake, itaingia na italehemika vizuri, lakini sauti itaruka yote sehemu moja ya mwendo, na mtangazaji atakulaumu kila siku.

Mashine nyingine huletwa kwa fundi zikiwa hazina ugonjwa wowote, na hizi ndizo ninazozipenda. Chaneli imekufa, au sauti inakuja dhaifu na ya kukatika, kila mtu ameshakubaliana kwamba imeungua. Nyuma ya miksa nyingi kuna tundu la jeki la kupitishia sauti nje, kwa wale wenye mitambo ya ziada ya kubana au kupamba sauti. Usipochomeka kitu hapo, sauti hupita ndani ya tundu lenyewe kwenye vibanzi viwili vya chuma vilivyogusana. Kanisa ambalo halijawahi kutumia tundu hilo kwa miaka kumi lina vibanzi ambavyo havijawahi kusuguana kwa miaka kumi, na hewa ya Beni imevipa kutu nyembamba. Chukua jeki safi, chomeka na chomoa mara kumi au kumi na tano. Mara nyingi sana chaneli inafufuka papo hapo. Ufufuo wa namna hiyo ni wa muda, kwa hiyo rudi baadaye na tone la dawa ya viunganishi kwenye ncha ya jeki. Chaneli za mwisho kule kulia, zisizotumiwa na mtu, huoza kwa njia hiyohiyo. Kuzisukuma feda zote na kuzungusha nobu zote mwanzo hadi mwisho mara moja kwa wiki, mashine ikiwa imezimwa, kunachukua dakika tano.

Upande wa mvumo, yaani kelele isiyongoja kuguswa, tunaingia kwenye umeme, na kwa maoni yangu hapa ndipo miksa za Kivu huumizwa hasa. Butembo ilikua hadi kuwa mji mkubwa wa biashara bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Iliishi kwa jenereta, zile Wakongomani waziitazo grupu, kwa sola na kwa mitambo midogo ya maji. Kule Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori katika wilaya ya Beni, Hifadhi ya Virunga iliwasha kituo chake cha kwanza cha umeme wa maji mwaka 2013. Hali inabadilika, ila jenereta bado inanguruma nyuma ya kuta nyingi, na jenereta ndogo haina adabu. Ikiwashwa umeme unaruka. Petroli ikikaribia kuisha inakohoa, volti zinashuka na kupanda, na miksa ikiwa bado imechomekwa inakula kila mshtuko.

Utaratibu wa kuikinga hauhitaji hela nyingi. Jenereta iwashwe kwanza, iachwe itulie, ndipo kichomekwe kidhibiti cha volti, kisha miksa, na amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza. Kabla petroli haijaisha, si baada ya kuisha, zima vyote. Wanaotumia betri na sola waangalie kigeuzi cha umeme: vile vya bei rahisi vinavyotoa mawimbi ya ngazi hufanya transfoma ya miksa ivume na kupata joto, na joto ndilo linalotafuna kapasita.

Hesabu yake ni nyepesi. Kapasita za kawaida za sehemu ya umeme huandikwa muda wake kiwandani, mathalani saa 2,000 kwenye nyuzi joto 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishusha nyuzi 10, muda unaongezeka mara mbili. Ndani ya miksa yenye nyuzi 45, kapasita hiyo ingepata kama saa 32,000. Redio inayorusha matangazo saa 18 kwa siku hutumia saa 6,570 kwa mwaka, maana yake karibu miaka mitano. Kanisa linalowasha miksa saa kumi kwa wiki lingefika huko baada ya miaka sitini, kama vumbi na unyevu vingeruhusu. Kwa hiyo mkurugenzi wa redio anayeshangaa kwa nini miksa yake inavuma ilhali ya parokiani, iliyonunuliwa siku ileile, ni kimya, asimtafute mchawi. Abadilishe kapasita kubwa za sehemu ya umeme katika mwaka wa tano kabla hazijavimba, na asiweke mafaili juu ya matundu ya kupumulia.

Waya wa ardhi ni jambo ambalo sitalitania. Mvumo ukizidi, kuna watu hukata mguu wa tatu wa plagi, na kweli mvumo hupungua. Kilichokatwa ni ulinzi wa anayeshika mikrofoni. Mwimbaji mwenye mikono ya jasho, amesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, midomo kwenye wavu wa chuma, ndiye atakayegundua kwamba jenereta haikuwa na nondo ardhini. Nondo ipigiliwe, waya wa ardhi uunganishwe, na miksa, amplifaya na kinanda vyote vichukue umeme sehemu moja. Mvumo mwingi utaondoka kwa njia hiyo. Juu ya hayo, mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa kinara wa Afrika kwa miali zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wingu likianza kunguruma, swichi haitoshi. Chomoa ukutani, na redio zichomoe pia waya unaotoka kwenye mnara.

Miksa iliyosafirishwa sana, ya harusi hasa, ina maradhi yake. Inatoka kwenye pikipiki hadi kwenye pikapu, kutoka Bulengera pale Butembo hadi Oicha, kaskazini mwa Beni, na kila jeki inayochomekwa huivuta bodi iliyolehemiwa. Lehemu hupasuka mviringo mwembamba kuzunguka mguu wa jeki, ambao hauonekani mpaka utumie lenzi au kamera ya simu. Dalili yake: sauti inarudi ukiminya jeki upande mmoja. Tiba ni kuinyonya lehemu kuukuu na kutia mpya. Kuipashia moto ile ya zamani tu hudumu safari mbili tatu. Lehemu nzuri ya mkono ni ile ya bati asilimia 63 na risasi 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuganda kwa mkupuo. Bati hilo lina mambo. Katika jimbo hilihili la Kivu Kaskazini, kule Bisie wilayani Walikale, kampuni ya Alphamin ilizalisha zaidi ya tani 12,000 za bati mwaka 2023, kutoka kwenye mwamba ambao ni miongoni mwa miamba yenye utajiri mkubwa wa madini hayo duniani. Machi 2025 kazi ilisimama kwa muda M23 walipokaribia. Matumizi makubwa kuliko yote ya bati duniani ni lehemu. Fundi wa Butembo huinunua ikiwa kwenye gurudumu dogo lililoandikwa Kichina, kwa bei ya mtu aliye mbali na mgodi.

Ebola iliacha mazoea mengine ya kuangaliwa. Klorini ilikuwa kila mlangoni, asilimia 0.05 kwa mikono na 0.5 kwa nyuso za vitu, na iliokoa watu. Kwa chuma ni sumu. Kitambaa cha klorini kikipita kwenye wavu wa mikrofoni au kwenye matundu ya miksa, kutu huanza, na mvuke wake peke yake unatosha kudhuru jeki zilizofungiwa nao kwenye sanduku moja. Mikrofoni inayopita midomo ishirini kwa asubuhi moja inahitaji usafi, hilo halina ubishi. Wavu wa mikrofoni nyingi za mkononi, kuanzia Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 hadi wingi wa zile zinazoiga umbo lake, hufunguliwa kwa kuuzungusha. Uoshe na sponji yake kwa sabuni na maji, uukaushe usiku mzima, uurudishe. Kiwiliwili cha mikrofoni na feda za miksa zifutwe kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, kitambaa ndicho kilowe, si mashine. Kichwa chenyewe cha ndani kisiguswe na kitu.

Halafu kuna chai. Studio zote zina tangazo la kukataza vinywaji na studio zote zina vikombe. Chai ya maziwa na sukari ikimwagika, jambo baya kuliko yote ni kuwasha ili kuona kama bado inafanya kazi. Kata umeme, iinamishe kinywaji kitoke, na ukubali kwamba kipindi kimeisha. Sukari ikikauka inakuwa gundi na kivuta unyevu, hivyo ni lazima bodi ioshwe kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kisha alkoholi iyasukume maji nje, kisha siku kadhaa za kukauka mahali penye hewa. Maji hayo hupatikana kwa wauza betri, lakini soma chupa mara mbili na uulize: kwenye rafu ileile, kwa jina lilelile la maji ya betri, baadhi ya maduka huuza asidi.

Ya kukinga ni machache mno. Kipande cha kitenge kizito juu ya miksa kila inapozimwa huzuia vumbi vizuri kuliko nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia umande wa asubuhi za Butembo ndani. Mfuniko uwekwe mashine ikishapoa. Daftari liwe kando, mtu aandike tarehe, chaneli, dalili na dawa iliyotumika, hata jina la chupa, kwa sababu fundi wa Beni atakayeitwa mwakani hatajua kwamba mwenzake wa Butembo alishapuliza mafuta mle ndani.

Na miksa ambayo kweli imekwisha, bodi imeungua, transfoma imekatika, haina sababu ya kutupwa wala ya kuuzwa kwa kilo. Feda zake za upande wa kulia, zile zisizotumika, mara nyingi tepe zake hazijalika, hata kama zinahitaji kusafishwa kwanza. Nobu, jeki, swichi, parafujo na bati la nyuma vitapata kazi kwenye mashine ya aina yake iliyoko parokia ya pili au redio ya mtaa wa juu, na viongozi wenye busara hukubaliana kununua aina moja ili waweze kuazimana hivyo. Kapasita zake peke yake ndizo za kuacha. Zimezeeka pamoja na mashine, na ukizihamisha utahamisha na miaka yake.